Saa 16 za kunakili picha kila wiki: nikinunua kompyuta mpya itasaidia?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo ya picha hapa Morogoro. Kwa mwezi napiga harusi 2 au 3, zote kwa RAW, yaani faili ghafi za kamera. Tangu mwaka juzi pia naskani negativu za marehemu baba, ambaye alikuwa mpiga picha kabla yangu. Ni nyeusi na nyeupe, zile za mraba za sentimita 6 kwa 6, na kila moja inatoa faili ya picha ya TIFF ya megabaiti 300 hivi. Kazi zote pamoja zimefika terabaiti 2. Kila Jumapili saa 3 usiku nafuta nakala ya zamani kwenye diski ya nje, kisha nanakili folda nzima upya. Inamalizika Jumatatu saa 7 mchana, na umeme ukikatika naanza tena mwanzo. Fundi mmoja ameniambia kompyuta yangu ya mezani imechoka, ninunue yenye nguvu zaidi. Je, itasaidia?

JIBU: Dada yangu, pole kwanza kwa kukesha na diski, na Mungu amrehemu mzee. Kabla ya kuzungumzia kasi, kuna jambo moja ambalo ningekupigia simu usiku huu kama ningekuwa na namba yako: acha kufuta nakala ya zamani kabla mpya haijakamilika. Kuanzia saa 3 usiku ya Jumapili mpaka saa 7 mchana ya Jumatatu huna nakala yoyote kamili. Una diski moja tu ndani ya kompyuta, nayo muda wote huo inasomwa bila kupumzika. Diski iliyochoka ikiwa itakufa, ina nafasi nzuri ya kufa saa hizohizo inapotumikishwa zaidi. Jumapili hii usifute kitu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana namba ulizoniandikia zinasema mengi. Terabaiti 2 ni megabaiti milioni 2. Kutoka saa 3 usiku hadi saa 7 mchana ni saa 16, yaani sekunde 57,600. Gawanya, unapata karibu megabaiti 35 kwa sekunde. Mtu aliyewahi kuhamisha faili nyingi anaitambua namba hiyo mara moja. Ndiyo kasi ya USB 2.0. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2000, na kwenye karatasi kinabeba megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, lakini kwa kazi halisi huishia kati ya megabaiti 30 na 40 kwa sekunde. Diski ya nje ya kawaida yenye sahani inayozunguka inaweza kuandika megabaiti 100 au zaidi kwa sekunde ikipewa njia nzuri. Kwa hiyo diski yako ina uwezo karibu mara 3 ya unachokipata, na wala si kompyuta inayoibana. Inabanwa na waya au tundu.

Nenda ukaangalie vitu viwili. Kwanza, tundu ulilochomekea. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu ya mbele ya USB 2.0 na ya nyuma ya USB 3, na sisi wote huchomeka mbele kwa sababu ndiko mkono unakofika. Tundu la USB 3 mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, au herufi SS pembeni yake. Pili, waya wenyewe. Diski nyingi za nje zina mdomo mpana uliogawanyika sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Waya mwembamba wa kuchajia simu za zamani unaingia vizuri kabisa kwenye ile sehemu kubwa, diski inawaka, faili zinaonekana, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya kwamba sasa unatembea kwa USB 2.0. Waya wa awali ukipotea, mtu huchukua wa simu na maisha yanaendelea. Hata kwa wenye diski za mdomo mpya wa USB-C tatizo ni hilohilo, kwa kuwa waya nyingi za chaja ya simu zimetengenezwa kupitisha umeme mwingi na data kidogo. Waya sahihi ukiuchomeka kwenye tundu sahihi, zile saa 16 zitashuka hadi 5 au 6, bila kununua kitu kingine.

Lakini hata saa 5 ni nyingi mno, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Picha uliyopiga kwenye harusi ya Machi mwaka jana haijabadilika tangu siku ile. Faili ya RAW ikishatoka kwenye kamera, programu za kuhariri hazigusi picha yenyewe. Zinaandika maelekezo pembeni, ama ndani ya katalogi yao, yaani daftari la programu, ama kwenye kifaili kidogo cha XMP. Ukiongeza mwanga, ukikata pembeni, ukigeuza rangi, ile RAW ya megabaiti 28 inabaki vilevile. Negativu ya mzee uliyoiskani mwaka juzi nayo haijabadilika. Ina maana kati ya terabaiti 2 unazosafirisha kila Jumapili, karibu zote ni mzigo uleule uliokwisha kuufikisha wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake. Angalia kilicho kipya kwa wiki yenye harusi moja: tuseme picha 1,500 za megabaiti 28, hiyo ni gigabaiti 42. Ongeza skani 20 za megabaiti 300, ni gigabaiti 6. Jumla 48. Kwa megabaiti 100 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya dakika 8. Hata kwa waya wako mbovu wa sasa haifiki nusu saa.

Hakuna kompyuta utakayoinunua ikageuza saa 16 kuwa dakika 8. Kuacha kunakili kisichobadilika kunafanya hivyo.

Kama unatumia Windows, chombo cha kazi hiyo tayari unacho, kinaitwa Robocopy, na hakihitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike, ukibadilisha herufi za diski na majina ya folda kulingana na yako:

robocopy D:\Picha F:\Picha /E /FFT /R:2 /W:5 /XD *.lrdata

Folda ya kwanza ni ya asili, ya pili ni ya nakala. Amri hii inalinganisha pande mbili, inaruka kila faili yenye ukubwa na tarehe ileile, na inanakili mpya na zilizobadilika tu. Alama ya /E inaingiza folda zote za ndani. Ile ya /FFT inasamehe tofauti ya sekunde 2 kwenye tarehe. Iweke hasa kama diski yako ya nje imeformatiwa kwa exFAT, mpangilio wa faili wa diski nyingi za nje, la sivyo unaweza kukuta programu inaona kila faili ni mpya na mnarudi kulekule. Hizo /R:2 na /W:5 usizisahau. Bila kuziandika, Robocopy ikikutana na faili isiyosomeka hurudia kuijaribu mara milioni 1, na kila mara husubiri sekunde 30. Nimeona watu wakidhani kazi ni ndefu, kumbe imekwama kwenye faili moja tangu jana. Ya mwisho, /XD, nitaieleza mbele.

Umeme ukikatika katikati, unaandika amri ileile tena, nayo inaruka zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Kwa hilo pekee utalala usingizi wako. Anayechukia dirisha jeusi la amri atumie FreeFileSync, inafanya kazi hiyohiyo kwa vitufe na ni ya bure. Wenye Mac na Linux wana rsync.

Utasoma mahali pengi kwamba uongeze /MIR ili pande mbili zifanane kabisa. Kwa picha za wateja, nakuomba usifanye hivyo. Alama hiyo inafuta upande wa nakala kila kisichopo upande wa asili. Ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya Jumatano, Jumapili nakala nayo inaifuta kwa utiifu. Na kuna hatari kubwa zaidi. Windows hubadilisha herufi za diski kufuatana na kilichochomekwa kwanza. Miaka ya nyuma niliendesha amri ya namna hiyo baada ya kuchomeka kadi ya kamera kabla ya diski. Herufi zikawa zimehama, na amri ikafuta kadi yenye kazi ya mteja ambayo haikuwa bado na nakala popote. Niliokoa sehemu tu ya picha, na nilimweleza mwenyewe uso kwa uso. Tangu siku hiyo diski zangu za nakala ninazipa herufi ya kudumu, mwishoni kabisa mwa alfabeti, mbali na herufi ambazo kadi na flashi hupewa.

Ili mpango huu ufanye kazi inabidi ubadilishe na mpangilio wa folda, na hapa ndipo wapiga picha wengi wanajiangusha. Robocopy haijui kwamba folda imebadilishwa jina. Ukiita folda "Harusi mpya", kisha baada ya wiki 2 ukaibadilisha kuwa "Harusi Kihonda IMEKWISHA", yeye anaona gigabaiti 42 mpya kabisa, anazinakili zote, na zile za jina la zamani anaziacha zikijaza diski. Kwa hiyo jina la folda liwe la mwisho siku ileile picha zinapoingia, likianza na mwaka, mwezi na siku. Mimi ningekushauri folda kuu mbili. Moja iite Ghala: humo zinaingia RAW na skani, siku ya kwanza, na hazihami tena wala hazibadilishwi majina. Nyingine iite Mezani, kwa kazi zinazoendelea, zile PSD (faili za Photoshop) na TIFF zenye matabaka na JPEG za kumpelekea mteja. Ghala linaongezeka tu, kwa hiyo nakala yake ya kila wiki ni ya dakika chache. Mezani inabadilika kila siku lakini ni ndogo, unaweza kuinakili kila jioni ukiwa unafunga studio.

Jihadhari pia na maneno unayoandika ndani ya picha. Kwa RAW yanakwenda kwenye XMP, kifaili cha kilobaiti chache. Lakini kwa TIFF, JPEG na DNG (RAW ya muundo wa Adobe), programu ikiambiwa ihifadhi jina la mtu au mahali kwenye faili, inaandika ndani ya faili lenyewe. Ukikaa Jumamosi nzima na shangazi mkitambua sura kwenye negativu za mzee na kuandika majina, faili 400 za megabaiti 300 zitahesabika zimebadilika, na Jumapili utasafirisha gigabaiti 120 upya. Kazi hiyo ni ya thamani sana, ifanyeni wakati shangazi yupo na anakumbuka. Ila majina yakae kwanza kwenye katalogi, na uyaandike ndani ya faili kwa mkupuo mmoja mkishamaliza.

Tukiwa kwenye negativu, hizo megabaiti 300 zimenishtua. Sentimita 6 kwa 6 kwa kweli ni milimita 56 hivi kila upande. Ukiskani kwa dpi 3200, yaani nukta 3,200 kwa kila inchi, unapata picha ya pikseli 7,055 kwa 7,055, karibu pikseli milioni 50. Ili ifike megabaiti 300 lazima kila pikseli ichukue baiti 6, na hiyo ndiyo skani ya rangi ya biti 48. Yaani skana yako inaandika nyekundu, kijani na buluu kwa negativu isiyo na rangi hata moja. Ibadilishe iwe ya kijivu ya biti 16. Pikseli ni zilezile, hatua za kivuli ni zilezile, na faili inashuka hadi megabaiti 100. Pengine uliacha rangi kwa ajili ya kile kifaa cha kuondoa vumbi kinachotumia miale ya infraredi. Kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe hakifanyi kazi, kwa sababu fedha iliyotengeneza picha inaizuia miale ile kama vumbi linavyoizuia. Futa negativu kwa brashi laini kabla ya kuskani. Zile ulizokwisha kuskani ziache zilivyo.

Na usiviweke vitu hivi ndani ya ZIP au RAR ukidhani utaharakisha. RAW nyingi na JPEG zote zimeshabanwa na kamera. Utaichosha kompyuta saa nzima ili upate nafuu ndogo sana. Tena ukizifunga 1,500 kwenye furushi moja, kuongeza picha 1 kunalifanya furushi zima lihesabike jipya, na furushi likiharibika kidogo linaweza kuondoka na picha nyingi. TIFF za skani unaweza kuzibana wakati wa kuzihifadhi, kwa ZIP ya ndani ya TIFF yenyewe. LZW, njia nyingine ya kubana, iepuke kwa biti 16, mara nyingi faili hutoka kubwa kuliko ilivyoingia.

Sasa ile *.lrdata. Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, hutengeneza vijipicha vya kuonyesha haraka na kuvihifadhi kwenye folda yenye jina linaloishia hivyo, navyo huwa maelfu kwa maelfu. Faili moja ya megabaiti 300 diski inaiandika kwa mstari, bila kunyanyua kichwa. Vifaili 10,000 vidogo vinalazimisha kichwa cha diski kurukaruka, na programu ya kuzuia virusi inasimamisha kila kimoja kukikagua. Kasi inashuka vibaya sana hata kama waya ni mzuri. Vijipicha hivyo Lightroom itavitengeneza upya yenyewe ikivikosa, kwa hiyo viache. Katalogi yenyewe, ile faili ya .lrcat, hiyo lazima inakiliwe, tena programu ikiwa imefungwa, kwani ndimo lilimo jasho lako lote la kuhariri.

Diski ya nje nayo ina tabia zake. Ikikaribia kujaa inapungua kasi, maana sehemu za ndani za sahani husoma na kuandika polepole kuliko za nje. Na diski nyingi ndogo za kubeba mkononi za terabaiti 2 na kuendelea huandika kwa mtindo wa kigae, SMR, ambapo mstari mmoja wa data unalalia mwenzake kama mabati ya paa. Kuandika mara ya kwanza hakuna shida. Ukiandika juu ya kilichokuwepo, diski inalazimika kuinua mistari ya jirani na kuipanga upya, na inaweza kuanguka hadi megabaiti 20 kwa sekunde au chini ya hapo. Ule utaratibu wako wa kufuta terabaiti 2 na kuziandika tena ni kazi mbaya kuliko zote kwa diski ya aina hii. Ghala linaloongezwa kidogokidogo linaifaa vizuri.

Siku ya harusi yenyewe usingoje Jumapili. Ukirudi studio, nakili kadi kwenda kompyuta na kwenye diski ya nje usiku huohuo, na usifute kadi mpaka umefungua picha kadhaa kutoka pande zote mbili, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zifungue kwa ukubwa kamili. Kijipicha kinaweza kuonekana kizima huku picha yenyewe imekatika nusu.

Umesema una diski ya nje moja. Inahitajika ya pili, na isilale kwenye jengo moja na kompyuta. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeueneza ule utaratibu wa nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali, na hadi leo sijaona mpangilio rahisi unaoushinda. Wengi watakuambia hiyo ya mbali iwe ya mtandaoni. Fanya hesabu kwanza: terabaiti 2 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni siku 18 na nusu, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Badala yake, mpe diski ndugu anayekwenda Dodoma. Hata safari ikichukua saa 5, terabaiti 2 kwenye begi lake zinasafiri kwa megabaiti 111 kwa sekunde. Zungusha diski 2, moja studio na nyingine kwa ndugu, mbadilishane kila mnapotembeleana. Mtandaoni peleka zile ambazo haziwezi kupigwa tena: skani za mzee, na JPEG za mwisho za kila harusi. Kwa skani za megabaiti 100, 20 kwa wiki ni gigabaiti 2 tu. Kwa kasi ileile ya megabiti 10 zinapanda chini ya nusu saa.

Negativu zenyewe usizitupe baada ya kuskani. Zitoe kwenye mifuko ya nailoni kama zimo, zihifadhi kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu na pasipo joto. Ukifungua kisanduku ukasikia harufu ya siki, filamu hizo zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine na uziskani kwanza kabla ya zote.

Kuhusu kompyuta, basi, jibu langu ni usinunue. Sehemu ndogo ya fedha hiyo nunulia waya mzuri wa USB 3, kisha diski ya pili, halafu UPS, betri ya akiba, ya kukupa dakika 10 za kuzima mambo kwa utaratibu umeme ukiondoka. Jumapili ya kwanza bado itakuwa ndefu, kwa sababu hiyo diski mpya iko tupu na inangoja terabaiti 2 zote. Ianzishe asubuhi, waya ukiwa tundu la nyuma, na baada ya dakika 10 angalia umefika gigabaiti ngapi. Zikiwa 60 au karibu na hapo, njia imefunguka. Zikiwa 20, bado uko kwenye USB 2.0, rudi ukaangalie waya.